Ngozi nyeusi haipakwi kwa rangi nyeusi

Picha za watu kwa rangi ya mafuta hapa Lubumbashi mara nyingi zinaharibikia usoni. Mchoraji anachukua kahawia na nyeusi, akitafuta mwanga anaongeza nyeupe, na ngozi inageuka majivu. Sababu ni hii: nyeupe ya titani inapoza kila rangi inayochanganywa nayo, na nyeusi ya mifupa ikikutana na nyeupe inavuta kuelekea bluu. Joto la ngozi linapotea.

Tengeneza giza lako mwenyewe. Siena ya kuchomwa, yaani kahawia nyekundu ya udongo, na bluu ya ultramarini, karibu nusu kwa nusu, zinatoa giza zito linalobaki hai. Kivuli kikiwa baridi mno, zidisha siena. Kutoka hapo panda kuelekea mwanga kwa nyekundu na oka, manjano ya udongo; nyeupe isubiri. Kisha mtazame vizuri mtu aliyekaa uani: mng'ao ulio kwenye paji lake ni anga inayoakisiwa, kwa hiyo una ubluu, pengine uzambarau. Uwe mdogo, upakwe mwisho, kwa mguso mmoja. Ukiusugua, majivu yanarudi.

Wengi wanaotaka picha yenye hisia wanakimbilia kupindisha viungo. Siamini njia hiyo. Bela Sara, wa karakana ya wachoraji ya Hangar iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mjini hapa mwaka 1946, alipaka kwa vidole. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa vistari vifupi vilivyopangana. Nguvu iko katika alama ya mkono. Basi chora watu kwa makaa, dakika mbili kila mchoro, ukiwa umesimama, bega likifanya kazi. Ukihamia kwenye rangi, shika brashi pana kuliko unavyotamani. Brashi nyembamba inakuvuta kwenye kope na vifungo kabla mwili haujasimama.

Safu ya kwanza iwe umba, kahawia ya udongo, iliyolegezwa kwa terebentine, inakauka upesi. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukigeuza mpangilio huo, juu kunakauka wakati chini bado kunasogea, na picha inapasuka. Amerikani au gunia la unga linafaa, ila mafuta yakigusa nyuzi yanaziozesha: tanguliza safu mbili au tatu za rangi ya msingi ya akriliki. Rangi rahisi ya ukutani inapukutika.

Wakati wa kiangazi, geuza picha mbichi zitazame ukuta, vumbi jekundu lisizishike. Na matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe, maana yanaweza kuwaka yenyewe. Yatie kwenye kopo la maji lenye kifuniko.