Kupaki bure Mtwara mjini, anayefaidika ni nani hasa?

Juzi nimezunguka Soko Kuu hapa Mtwara mara tatu natafuta pa kupaki, nilikuwa nafuata samaki tu, kitu cha dakika kumi, nikaishia kuacha gari mbali huko nikarudi kwa mguu na jua lile la saa sita mnalijua. Sasa nikawa naangalia gari zilizopaki mbele ya maduka, nyingi ni zilezile nilizoziona asubuhi, na ukiuliza unaambiwa hiyo ya bosi wa duka, ile ya mhasibu wake. Yaani mteja kafukuzwa na mwenye duka mwenyewe halafu jioni tunalalamika biashara ngumu.

Ila ukigusa ushuru wa pakingi watu wanapandisha mori, na sio wajinga. Mtwara sio Kariakoo jamani. Korosho zikiuzwa hela inaonekana, miezi mingine mji unapoa mpaka unasikia upepo wa bahari, sasa umtoze mtu hela ya kusimama mbele ya duka ambalo hata wateja halina, si atanunua hukohuko kwao Magomeni ya hapahapa Mtwara? Halafu kuna ile ya kuviziwa, umeingia dukani mara moja kumbe umeshapigwa picha ya namba, huna habari, baadae unakuta deni na faini juu. Hapo mtu hachukii ile mia tatu au mia tano, anachukia kufanywa mjinga.

Lakini hii kitu ilianzaje? Mita ya kwanza ya kulipia pakingi iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, senti tano kwa saa, na shida yao ilikuwa hiihii yetu, wafanyakazi wa mjini wanapaki asubuhi mpaka jioni, wateja wanakosa nafasi. Kwa hiyo ushuru ulianza kama njia ya kumtoa aliyeng'ang'ania kiti. Kulikuwa na profesa mmoja wa California, marehemu Donald Shoup, alipigia kelele hili miaka mingi: bei iwe ile inayoacha nafasi moja mbili wazi kila mtaa, basi. Palipojaa panda, pasipojaa shusha hata iwe bure.

Ukiichukua hiyo ukaileta huku, wanaopinga wanashinda sehemu kubwa ya mji, Shangani kule au Ligula unamtoza nani na nafasi wazi ziko tele? Ila kuzunguka soko asubuhi mpaka mchana wanashindwa, kwa maoni yangu wanashindwa vibaya. Mi ningeweka nusu saa ya kwanza bure, mama achukue samaki wake aondoke, anayekaa zaidi alipe, na mchana ukishapoa iwe bure kwa wote. Na hela ionekane palepale, kama mji wa Pasadena huko California walivyofanya mwaka 1993, mita za mtaa zikatengeneza njia za miguu za mtaa huohuo, na wenye maduka waliokuwa wanakataa wakakubali.

Ugumu mwingine, na huu sio mdogo, ni kwamba barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, soko na stendi ni vya manispaa, barabara kuu ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, sasa mpango wa pakingi ya eneo moja unahitaji meza moja yenye watu wote hao. Na wote huwa wanawaza gari tu. Basi linaishia stendi ya Mkanaledi, abiria anaingia mjini kwa bajaji au bodaboda, kwa hiyo pakingi inayotakiwa zaidi ni ya bajaji, ila ukichora mistari ya magari bila kuwapa wao pa kusimama watasimama hapohapo katikati kama kawaida.

Nilimpa jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hoja zangu zote hizi nikidhani nimemmaliza. Akanisikiliza, akaniambia kaka, mi gari nalipaki mbele ya duka sio kwa uvivu, nikiliweka mbali huko nyuma ili kuwaachia wateja nafasi nani ataliangalia, juzi kuna mtu katolewa sait mira mchana kweupe. Hapo nikakosa jibu.