Moja kati ya 256: kwa nini maonyo ya kikaguzi cha msimbo yafanyiwe kazi

"Mfumo unafanya kazi, usiuguse." Katika timu nyingi za programu hapa Dar, hilo ndilo jibu pale kikaguzi cha msimbo, yaani programu inayosoma msimbo bila kuuendesha, kinapotoa mamia ya maonyo kwenye mfumo wa SACCOS au wa stoo ya Kariakoo. Wanaotaka maonyo hayo yashughulikiwe huonekana watu wa kupotezea wenzao muda. Nadhani hawajaeleweka.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Watunzaji wa SQLite, kanzidata inayokuja na kila simu ya Android, wameandika bayana kwamba makosa waliyoyaingiza wenyewe wakihangaika kuondoa maonyo ya kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) ni mengi kuliko yaliyogunduliwa na vikaguzi. Sina sababu ya kubisha. Lakini wao wana majaribio yanayopita kila tawi la msimbo wa kiini, na msimbo wa majaribio yote unauzidi wa kanzidata yenyewe zaidi ya mara 500. Mfumo ambao jaribio lake ni karani kubonyeza "Hifadhi" na kuona risiti inatoka hauwezi kuazima kauli yao.

Tazama kilichotangazwa Juni 2012 kuhusu kanzidata za MySQL na MariaDB. Fanksheni ya kuhakiki nywila ililinganisha baiti 20 za nywila iliyofumbwa kwa kutumia `memcmp`, fanksheni ya lugha ya C ya kulinganisha baiti, ambayo hurudisha sifuri vitu vikilingana, na namba nyingine yoyote visipolingana. Namba hiyo ina baiti nne. Fanksheni yenyewe ilitangazwa kurudisha baiti moja. Kwa hiyo jibu lilikatwa, ikabaki baiti ya mwisho tu. `memcmp` ikitoa 512, maana yake ni "nywila si sahihi". Baiti ya mwisho ya 512 ni sifuri, na sifuri ilisomeka "pita".

Nafasi ni 1 kati ya 256, na mtu akiisikia juu juu anaiona ndogo. Ipigie hesabu. Kitanzi kinachojaribu nywila ya uongo mara 300 kina takriban asilimia 69 ya kuingia. Mara 1,000, asilimia 98. Hayo majaribio 300 huisha chini ya sekunde moja. Kilichohitajika zaidi ni jina la mtumiaji, na `root`, jina la msimamizi mkuu, lipo karibu kila mahali. Mtu anamaliza kupiga chafya, kanzidata nzima iko mikononi mwake.

Tena kosa hilo halikuonekana kwenye kila mashine. Pale `memcmp` inaporudisha tofauti ya baiti mbili, majibu hubaki kati ya -255 na 255, na humo hakuna namba isiyo sifuri inayoishia na baiti ya sifuri. Hatari ilijitokeza kwa glibc, maktaba ya C ya Linux, yenye `memcmp` iliyoharakishwa kwa SSE (maagizo maalumu ya prosesa), inayorudisha namba kubwa zaidi. Mstari wa nywila haukuguswa na mtu. Maktaba ya chini yake ndiyo iliyobadilika. Kauli ya "usiuguse" haina jibu kwa hali hiyo. Rekebisho lilikuwa la mstari mmoja: kugeuza jibu liwe 0 au 1 kabla ya kulirudisha.

Ukataji huo kompaila ya gcc huuonya ukiwasha chaguo la `-Wconversion`. Ni kweli pia kwamba kwa C onyo hilo halimo ndani ya mafungu ya maonyo ya `-Wall` wala `-Wextra`, na ukiliwasha kwenye mradi mkubwa wa zamani maonyo huja kwa maelfu, mengi yakiwa hayana madhara. Ndiyo maana namna ya kurekebisha ni muhimu kuliko kasi.

Chukua onyo la pointa (anwani ya data kwenye kumbukumbu) inayoweza kuwa tupu. Mwenye haraka anaandika `if (p == NULL) return 0;` na onyo linazimika. Ikiwa katika mfumo huo 0 humaanisha "imefanikiwa", msimbo ulioita fanksheni hiyo unaendelea mpaka `COMMIT`, amri ya kuthibitisha mabadiliko kwenye kanzidata: marejesho ya mwanachama yamekatwa kwenye akiba, hayajaingia kwenye mkopo. Kumbukumbu za makosa ni safi. Litagundulika mwisho wa mwezi hesabu zikikataa kukaa sawa. Hapo ilipaswa kurudishwa alama ya kosa, kisha `ROLLBACK`, amri ya kuyatengua mabadiliko.

Kwa hiyo siku ya kwanza usirekebishe chochote. Hifadhi orodha ya maonyo yaliyopo, kisha zuia mapya tu yasiingie. Baadaye chukua aina moja moja: kwanza amri za SQL (lugha ya kuiamuru kanzidata) zilizounganishwa na maandishi ya mtumiaji, halafu namba zinazokatwa, halafu majibu ya kosa yanayopuuzwa. Kila onyo lipate badiliko lake peke yake, na jaribio linaloshindwa kabla ya rekebisho na kufaulu baada yake. Onyo la uongo lizimwe kwenye mstari wake, sababu ikiandikwa hapohapo, kamwe si kwa mradi mzima.

Kwenye SQL kuna mtego mmoja unaowarudisha wengi nyuma. Thamani hupitishwa vizuri kwa alama ya `?`, inayoishikia nafasi ndani ya amri, lakini `ORDER BY ?`, ya kupanga orodha kwa safuwima, kwenye MySQL haileti kosa wala haipangi: jina la safuwima linachukuliwa kama neno la kawaida, orodha inatoka ovyo. Mtu anakata tamaa, anarudi kuunganisha maandishi na kuzima onyo. Linganisha jina lililotoka kwa mtumiaji na orodha fupi ya safuwima ulizoziruhusu mwenyewe ndani ya msimbo, kisha weka lile la kwenye orodha yako, si lile alilotuma yeye.