Hakuna Diana, Jamani

Najua mmeshaipata. Yule jamaa ninayefundisha naye, aliyekuwa siti ya nyuma akijifanya kasinzia, kaimwaga kwenye magrupu yote hata sijafika nyumbani. Na kwenye stori yake kuna mwanamke anaitwa Diana. Sasa nisikilizeni na mimi.

Jana nilikwenda Kariakoo kununua shanga. (Wewe unayecheka, tulia kwanza.) Nafundisha bailojia, na leo nilikuwa na kipindi cha namna DNA inavyokunjwa ndani ya kiini cha seli. Wanasayansi walipoichungulia kwa hadubini ya elektroni, miaka ya 1970, waliona kitu kama shanga kwenye uzi. Sasa ulitaka ninunue nini, vitunguu?

Mama muuzaji akaniuliza nataka za ukubwa gani. Nikamwambia zile nene za mbao, za kutosha uzi wa mita 2.

"Mita mbili! Mwanangu, hicho kiuno au mbuyu?"

Nikamweleza kwamba DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha yote inafika mita 2, na inaenea kwenye kiini chenye upana wa kama maikromita 6, yaani milimita moja uikate mara elfu, uchukue vipande sita. Akanitazama kwa huruma. Kisha akanitupia nyongeza kwenye mfuko: shanga za kiuno, zile ndogondogo, nyekundu na nyeupe. "Na hizi za kiuno cha binadamu."

Daladala ya Gongo la Mboto, nikapata siti. Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nikatoa uzi na shanga zangu nikaanza kuzungushia mapajani. Kuzungushia, si kutunga! Hapo ndipo wengi wanapokosea. DNA haipiti kwenye tundu. Inazunguka kwa nje, raundi moja na theluthi mbili hivi, jozi 147 za herufi zake kwenye kila kishada cha protini nane za histoni, halafu inaruka kwenda kishada kinachofuata. Kishada kimoja na uzi wake uliokizunguka ndiyo nyukleosomu. Nikafikisha nyukleosomu 23. Nikajiona fundi kweli.

Ningezitunga kama watu wengine, leo nisingekuwa hapa najitetea.

Tazara, mzee aliyekaa pembeni yangu akainuka kushuka. Ncha ya uzi ilikuwa imenasa kwenye kifungo cha koti lake. Niliiona. Naapa niliiona, ila mdomo ulikataa kufunguka. Uzi ukakaza. Nyukleosomu ya kwanza ikajizungusha, ikadondoka: ko. Ya pili: ko. Mzee yuko mlangoni, konda anamwambia "mguu wa kushoto, mzee", na mimi nimekumbatia mfuko huku shanga zinafumuka mapajani moja baada ya nyingine, ko, ko, ko, zinabingirika chini ya siti hadi kwa dereva. Nikainama kuziwahi. Mfuko ukapinduka. Zile za nyongeza zikateleza taratibu, zikaenda kutua juu ya kiatu cha mama mmoja aliyejitanda khanga, siti ya mbele.

Akaziokota. Akazinyanyua juu, dirishani kwenye mwanga, gari zima likaona. Akageuka.

Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, hizi za nani?"

Niambieni nyie, mngejibu nini? Umwambie mama mkwe, mbele ya abiria, kwamba shanga za kiuno ni za binti yake? Ulimi wenyewe ukachagua.

"Za DNA, mama."

"Diana ndiye nani?"

Konda akazima redio. Nikaanza kufundisha, hiyo ndiyo tabia yangu nikitetemeka. Nikasema mama, kiini kingekuwa na ukubwa wa mpira wa miguu, huo uzi ungezidi kilomita 70, unatoka Posta unaipita Kibaha...

"Kibaha hatufiki," konda akadakia, "mwisho Gongo la Mboto."

...na haukai ovyo, mama, kila kromosomu ina mtaa wake, sehemu zinazotumika zinaachwa wazi, zisizotumika mara nyingi zinabanwa pembeni, kwenye ukuta.

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Kumbe. Kuna ya wazi, na kuna unayoyabana pembeni."

Nikashuka Banana, si kituo changu. Nyumbani nilikuta simu imeshapigwa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka, akaniuliza tena, safari hii taratibu. Nikamwonyesha andalio la somo. Kaamini, nadhani. Ila tangu jana ukimwita jina lake haitiki, anasema aitwe Diana.

Shanga za mbao nimepata 14. Kipindi nimekihamishia Alhamisi. Konda, kama uko humu, tazama chini ya siti ya dereva. Zile nyekundu na nyeupe anazo mama mkwe, na mimi siendi kuzidai.