Kifuko cha seli hakipasuki, kinasubiri ruhusa

Vitabu vingi huichora safari ya vifuko vya seli, yaani mifuko midogo ya utando inayobeba homoni na kemikali nyingine, kwa mshale mmoja: kifuko kinatoka Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini, kinafika kwenye utando wa seli, kinapasuka, homoni inamwagika. Mchoro huo unanikera. Kwanza kifuko hakipasuki: utando wake huungana na utando wa seli, tundu likafunguka, na baadaye seli hurudisha ndani utando uliozidi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, mshale unaficha kusubiri.

Safari yenyewe inasisimua, sikatai. Kinesini, protini inayotembea, hukibeba kifuko juu ya mikrotubuli, nyuzi zilizo ndani ya seli, kwa hatua za nanomita 8, na kila hatua inatumia molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli. Lakini kufika si kutoa. Vifuko kadhaa hushikamana na utando na kubaki hapo, vimejaa, tayari. Protini za SNARE, baadhi zikiwa kwenye kifuko na nyingine kwenye utando wa seli, zimeshaanza kujisokota pamoja kama zipu, kisha zinazuiwa zisimalize. Ioni za kalsiamu zinapoingia, protini iitwayo sinaptotagmini huzinasa, na kwenye neva tundu hufunguka ndani ya muda usiofika elfu moja ya sekunde. Wanasayansi James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kuufumbua mpangilio huu.

Bila kusubiri huku, huwezi kumweleza mtu kisukari vizuri. Katika seli za beta za kongosho, glukosi huongeza ATP, milango ya potasiamu hufungwa, ya kalsiamu hufunguka. Vifuko vilivyokwisha kujiandaa kwenye utando hutoa insulini mara moja, kwa dakika chache. Vingine hufuata polepole. Katika kisukari cha aina ya pili, wimbi hilo la kwanza hudhoofika mapema. Mshale mmoja hauna nafasi ya mawimbi mawili.

Ningekuwa mwalimu, ningeanza somo na pepopunda. Mwaka 1992 ilibainika kuwa sumu ya pepopunda na sumu ya botulini aina ya B hukata protini ileile ya kifuko, sinaptobrevini, tena mahali palepale. Hata hivyo mgonjwa mmoja hulegea na mwingine hukakamaa! Botulini hubaki pale neva inapokutana na msuli, ikazuia asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, na msuli haupati amri. Sumu ya pepopunda hupanda hadi kwenye uti wa mgongo na kuzinyamazisha neva zinazotuliza misuli, hivyo misuli inakaza bila kizuizi. Katika hali zote mbili vifuko vipo, vimejaa, na kalsiamu inaingia kama kawaida. Kilichokatwa ni zile protini za kuunganisha tando mbili.