Sintesaiza za zamani zimerudi kwenye filamu, lakini zimerudi kufanya kazi gani?

Mwaka 1985 filamu ya Witness, iliyoongozwa na Peter Weir, iliwapeleka watazamaji kwa Waamishi wa Pennsylvania, jamii ya Kikristo inayoishi bila umeme wa gridi majumbani. Katika tukio lake linalokumbukwa zaidi, wanaume wanajenga ghala la mbao kwa nyundo na misumeno huku jamii nzima ikiwa uwanjani. Muziki wa tukio hilo uliotungwa na Maurice Jarre umepigwa kwa sintesaiza, ala za kielektroniki zinazotengeneza sauti kwa umeme. Ukiusimulia hivyo leo unasikika kama utani: watu wanaoukwepa umeme wanapigiwa muziki wa mashine za umeme. Hata hivyo tukio lile halijachuja, na muziki wa filamu hiyo uliteuliwa kuwania Oscar.

Mtunzi wa leo akifanya kama Jarre ataulizwa mara moja hadithi yake ni ya mwaka gani. Sauti ya sintesaiza ya analojia, ile ya zamani inayotumia saketi za umeme badala ya hesabu za dijitali, imeshapewa anwani. Ukiisikia, unajua unapelekwa miaka ya 1980: taa za neoni, barabara iliyolowa, gari linalokwenda taratibu usiku, watoto juu ya baiskeli. Hapo ndipo wapenzi wa muziki wa filamu wanapogawanyika. Wapo wanaoona kwamba kurudi kwa mashine hizi kuanzia mwaka 2010 hivi kumeziokoa filamu na tamthilia kutoka kwenye okestra zinazofanana. Wengine wanaona ni biashara ya kumbukumbu tu, mapambo ya zamani yanayobandikwa juu ya hadithi dhaifu. Naegemea upande wa walalamikaji, lakini si kwa sababu wanayoitoa. Wao wanailaumu mashine, nami naona lawama iende kwa kazi tunayoituma.

Mashine yenyewe ina sifa zake halisi, na watetezi wana haki ya kuzitaja. Sintesaiza ya analojia hutengeneza sauti kwa mkondo wa umeme wenyewe. Osileta, saketi inayoanzisha sauti, hutoa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno au la mraba, chujio hukata masafa ya juu, na saketi nyingine huamua sauti iingie vipi na izimike vipi. Hatua zote hizo huongozwa na volteji, mfumo ambao mhandisi Robert Moog aliuonyesha mwaka 1964 na kuuweka ndani ya ala ndogo ya kubebeka, Minimoog, mwaka 1970. Kwa kuwa vipuri vyake huathiriwa na joto, osileta mbili zilizowekwa kwenye noti moja hazitulii pamoja. Zinasogeleana, zinaachana, zinasogeleana tena. Fundi ataita hiyo kasoro, lakini sikio linasikia kitu kinachopumua.

Kisha kuna mkono wa mpigaji. Yamaha CS-80, ala ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yenye uzito wa zaidi ya kilo 80, hupiga noti nane kwa wakati mmoja, na kila kibao chake huhisi mgandamizo wa kidole peke yake hata baada ya kushikwa. Maana yake mpigaji anaweza kushikilia kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, akaikandamiza noti moja tu ipande na kung'aa huku nyingine zikibaki chini. Mtunzi Vangelis aliitumia hivyo kwenye filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982. Ndiyo maana sauti zile zenye mng'ao wa shaba huwa na huzuni ya mtu anayeimba, wala si ubaridi tuliozoea kuutarajia kwa mashine. Anayesema kwamba sintesaiza haina roho hajaisikiliza filamu hiyo, au ameisikiliza kwenye spika ya simu.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, Vangelis huyohuyo alikuwa ametunga muziki wa Chariots of Fire, hadithi ya wakimbiaji wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924. Piano na sintesaiza kwa vijana waliovaa kaptura nyeupe za enzi ile! Muziki huo ulipata Oscar. Mtunzi hakujiuliza kama chombo kile kilikuwepo mwaka 1924. Alitafuta sauti ya mwili unaojituma, akaipata.

Historia ya sauti hizi kwenye filamu ni ya kubadilika mfululizo. Mwaka 1956 Bebe na Louis Barron waliitengenezea Forbidden Planet sauti zote kwa saketi walizounda wenyewe. Nyingine ziliungua zikiwa zinarekodiwa, kwa hiyo sauti zake hazikuweza kutolewa tena. Kwa kuogopa mgogoro na chama cha wanamuziki, kazi yao haikuitwa muziki kwenye orodha ya waliohusika, bali sauti za kielektroniki tu. Wakati huo umeme ulimaanisha sayari nyingine. Mwaka 1971 Wendy Carlos aliupitisha muziki wa Beethoven ndani ya Moog kwa ajili ya A Clockwork Orange, na umeme ukamaanisha akili iliyopotoka. Mwaka uliofuata Eduard Artemyev aliitumia ANS, mashine ya Kisovieti inayosoma sauti kwa mwanga kutoka kwenye kioo kilichochorwa, kwenye Solaris ya Tarkovsky. Giorgio Moroder alipata Oscar kwa Midnight Express ya mwaka 1978, ambapo mapigo ya mashine yanamkimbiza mfungwa. Mwaka huohuo mwongozaji John Carpenter, ambaye bajeti yake haikumruhusu kuota okestra, alijitungia mwenyewe muziki wa Halloween kwa mapigo matano yanayokataa kutulia.

Sayari, kichaa, utoro, muuaji, kisha mwanariadha na seremala wa Kiamishi: katika miaka 30 hivi chombo kilekile kilibeba maana hizi zote, na hakuna iliyoweza kukifunga. Hicho ndicho ninachokiona kimepotea.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa sauti za miaka ya 1980 hawalipendi. Sehemu kubwa ya muongo huo haikuwa ya analojia. Yamaha DX7, sintesaiza ya dijitali, iliingia sokoni mwaka 1983 na kuzisukuma mashine za zamani nje ya maduka na studio, zikabaki kuuzwa kwa bei ya kutupa. Jan Hammer, aliyetunga muziki wa Miami Vice, tamthilia iliyokuja kuwa picha ya enzi hiyo, aliegemea sana Fairlight, kompyuta ya sampuli za sauti. Kwa hiyo tunapoambiwa leo kwamba hii ndiyo sauti ya miaka ya 1980, tunapewa miaka ya 1980 iliyochujwa: kengele ngumu za dijitali zimetolewa, yamebaki mawimbi mazito na ya joto. Zama zenyewe hazikusikika hivyo.

Wimbi la sasa lilianza vizuri. Mwaka 2010 zilitoka Tron: Legacy iliyotungiwa muziki na Daft Punk, na The Social Network ya Trent Reznor na Atticus Ross, ambayo muziki wake ulipata Oscar. Mwaka 2011 ikaja Drive ya Cliff Martinez. The Social Network haikutaka kumkumbusha mtu chochote. Ilikuwa hadithi ya wakati wake, na ule mngurumo wa mashine chini ya piano ulieleza upweke wa mtu aliyeunda mtandao wa marafiki. Kisha mwaka 2016 ikatoka tamthilia ya Stranger Things, na mambo yakapata sura moja.

Siidharau kazi ya Kyle Dixon na Michael Stein, waliotunga muziki wake. Utangulizi wa tamthilia hiyo ni somo zima la kutumia kidogo: arpejio moja, yaani noti za kodi zikipigwa moja baada ya nyingine, inayopanda na kushuka, chujio kinafunguka polepole, basi. Tuzo ya televisheni ya Emmy waliyoipata mwaka 2017 waliistahili. Hadithi inaanzia mwaka 1983, kwa hiyo hakuna anayeweza kuwauliza kwa nini walichagua sauti ile. Ila tuseme ukweli, sauti ile inakumbuka filamu za miaka hiyo kuliko inavyokumbuka maisha ya mji mdogo wa Indiana. Kazi yenyewe ni nzuri. Shida ni watoto wake.

Watoto hao huzaliwa kwenye chumba cha uhariri. Wahariri wa filamu wana mazoea ya kuweka muziki uliokwisha kutungwa juu ya picha kama kishikilia nafasi, wakati mtunzi bado hajaanza kazi. Mwongozaji anausikia wiki baada ya wiki hadi anauzoea, na mtunzi anapoletwa anaombwa kitu kinachofanana nao. Okestra za sinema kubwa zimelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa zinafanana kwa sababu hiyohiyo. Sintesaiza, iliyoshangiliwa kama dawa ya ugonjwa huo, imeambukizwa. Arpejio ya usiku sasa inawekwa hata pale ambapo mhusika anaendesha gari kwenda kununua maziwa.

Watetezi wana majibu mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni kwamba filamu siku zote imetumia muziki kama alama ya wakati. Jazi huashiria miaka ya 1920, gitaa lenye mkwaruzo huashiria miaka ya 1960, na hatulalamiki. Kweli, lakini hakuna anayedai kwamba jazi haina kazi nyingine. La pili lina uzito zaidi: sintesaiza humpa mtu mmoja asiye na fedha uwezo wa kuijaza filamu nzima, kama Carpenter alivyofanya. Uwezo huo uliwahi kuwatisha wanamuziki wenyewe, hadi mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza likapitisha azimio la kutaka sintesaiza zipigwe marufuku. Hofu ya kupoteza kazi ilikuwa na msingi. Lakini marufuku ile ingetunyima kazi nyingi za watunzi ambao milango ya okestra isingewafungukia kamwe.

Ubishi wa mashine halisi dhidi ya programu za kompyuta nitaupita haraka, maana huwa unameza mjadala wote. Kampuni ya Arturia ilitoa programu ya kuiga CS-80 mwaka 2003, na leo hata ule mtetereko wa osileta unaandikwa kwa hesabu. Sauti ikishachanganywa na mazungumzo, milio ya magari na mvua, ni wachache watakaotofautisha. Faida ya mashine ya zamani iko kwenye namna ya kufanya kazi. Minimoog haina hifadhi ya sauti ulizotengeneza. Ukishageuza vitufe, ya jana imekwenda, kwa hiyo unalazimika kuamua papo hapo. Programu yenye maelfu ya sauti zilizoandaliwa inakuruhusu kuahirisha uamuzi hadi siku ya mwisho, na pengine ndiyo sababu sauti yenye anwani inayojulikana huchaguliwa mara nyingi.

Mwaka 2019 ulitoa mifano miwili inayopingana na mazoea haya kwa njia tofauti. Tamthilia ya Chernobyl ni hadithi ya ajali ya nyuklia ya mwaka 1986. Kwa kanuni ya sasa, ilikuwa imejiandikia yenyewe sintesaiza za enzi yake. Mtunzi wake, Hildur Guðnadóttir, akaenda na wenzake kurekodi ndani ya kituo cha nyuklia kilichofungwa nchini Lithuania, na kutokana na milango, mabomba na mingurumo ya humo, pamoja na sauti yake mwenyewe, akatengeneza muziki uliompa Emmy. Alikataa kutuambia mwaka, akatuambia mionzi.

Mtu atasema si kila mtunzi anaweza kufunguliwa geti la kituo cha nyuklia. Ni kweli. Basi tumtazame mtunzi Daniel Lopatin kwenye filamu ya Uncut Gems, aliyekuwa na vyombo vya kawaida zaidi. Hadithi hiyo inatokea mwaka 2012, miongoni mwa wauza vito wa New York. Yeye akaizungushia sauti za anga za juu, kwaya na mawimbi ya sintesaiza, kana kwamba ndani ya jiwe moja mna nyota. Hakuna mtazamaji anayeisikia na kuanza kufikiria baiskeli na taa za neoni, ingawa chombo chake kikuu kilikuwa cha analojia tupu: Moog One, iliyotoka kiwandani mwaka 2018.