Usiniulize distro ipi ni nyepesi

Nikitaja tu kwamba natumia ThinkPad X200, laptopu ya mwaka 2008, swali linalofuata nalijua: "Umepiga distro gani nyepesi?" Distro ni toleo la Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na anayeuliza huwa ana majina yake tayari. Puppy, antiX, Tiny Core ya megabaiti zisizofika 30. Nikimjibu kwamba nimepiga Debian, ile ya kawaida kabisa, ananitazama kwa huruma.

Ugonjwa huo wa wepesi nimeuugua na mimi. Kuna wikiendi nzima nilikesha nikipima kila mfumo unakula memori kiasi gani ukiwa umekaa tu bila kazi. antiX na IceWM yake, programu ndogo ya kupanga madirisha, ilikuwa kama unyoya. Debian yenye Xfce, yaani eneokazi kamili lenye menyu na madirisha, ilikula zaidi, ingawa haikufika giga moja. Kisha nikafungua Firefox, barua pepe upande huu, YouTube upande ule, na tofauti yote niliyoikesha ikamezwa ndani ya dakika mbili. Mzigo wa kompyuta kuukuu siku hizi ni brauza, na brauza ni ileile kokote uendako. Nilipotoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD ya bei ya chini, na memori ikatoka giga 2 ikawa 4 (X200 inabeba hadi 8), nilipata kasi ambayo hakuna distro ingenipa. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Kwa YouTube, weka kiongezi cha h264ify ili video zije kwa mtindo ambao prosesa ya zamani inaumudu.

Basi uchaguzi wenyewe ufanywe kwa kipi? Mimi naanza na prosesa. Wengi huishia kuuliza biti 32 au 64, wakiona 64 wanapumua. Haitoshi. Core 2 Duo, prosesa ya X200 yangu, ni ya biti 64, lakini RHEL 9, Linux ya kampuni ya Red Hat ya mwaka 2022, pamoja na ndugu zake AlmaLinux na Rocky, inadai kiwango kinachoitwa x86-64-v2, na ndani yake kuna amri za SSE4.2 ambazo Intel ilizileta na prosesa za Nehalem mwishoni mwa 2008. X200 ilikosa kwa miezi michache tu! Unachoma flashi yako vizuri, unaiwasha, mfumo unagoma. Debian bado inajengwa kwa ajili ya prosesa za biti 64 tangu zile za mwanzo, na kwangu hiyo ni sababu nzito kuliko wepesi wowote.

Wenye biti 32 tupu hawana habari njema. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chao, na Firefox nayo imeacha kutengenezwa kwa Linux ya biti 32. NetBSD na OpenBSD, mifumo mingine ya bure iliyo nje ya Linux, bado zinawabeba, lakini mashine hiyo ipe kazi ya kuandika, si ya intaneti.

Swali la pili ni umeme, na hapa nina kesi ya kujibu. Mimi naipenda OpenBSD. Imenyooka, kurasa zake za maelezo zimeandikwa na watu wanaojali, na toleo jipya linakuja kila baada ya miezi sita. Unaandika sysupgrade, unakwenda kunywa chai. Kwa mapenzi hayo nikaiweka kwenye kompyuta ya mezani ya shangazi yangu, dukani kwake kwenye stesheneri. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, hakuna. Sasa, mfumo wa mafaili wa OpenBSD hauna daftari la kuandika mabadiliko kabla ya kuyafanya, tofauti na ext4 ya Linux iliyo nalo. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka inabidi ikague diski nzima, na ikikuta fujo kubwa inasimama na kumtaka mwenye nyumba aendeshe fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski, kwa mkono.

Asubuhi moja simu ikaita. "Mwanangu, kompyuta inaniuliza kitu kwa Kiingereza, na hapa wateja wamejaa." Nikamsomesha amri herufi kwa herufi kwenye simu, yeye akizirudia kwa sauti, watu wa fotokopi wakimsikiliza. Sikuwa na wa kumlaumu. Mfumo ulifanya kile ambacho maelezo yake yanasema utafanya, niliyeupeleka mahali pasipo pake ni mimi. FreeBSD, ndugu yake OpenBSD, ingenisitiri kidogo, maana UFS, mfumo wake wa mafaili, inaweza kuwekewa daftari. Lakini shangazi hakuwa na hamu ya majaribio mengine.

La tatu ni bando. Arch ni mfumo mzuri, lakini masasisho yake hayapumziki. Ukikaa mwezi bila kusasisha, unakuta yamerundikana ya kumaliza bando lote. Debian thabiti inakuletea zaidi marekebisho ya usalama, basi. Ubuntu ningeisifu zaidi kama isingeigeuza Firefox kuwa snap, kifurushi kinachobeba kila kitu chake ndani, ambayo kwenye mashine ya zamani hufunguka kwa kusuasua. Na Wi-Fi, iliyokuwa ikitutoa jasho enzi zile, imepungua maudhi tangu Debian 12 ilipoanza kuweka firmwea, programu ndogo za kuamsha vifaa kama kadi ya Wi-Fi, ndani ya kisakinishi chenyewe.

Tena tusichanganye mambo. Zile kompyuta za Core i5 za kizazi cha 6 na cha 7 zilizoachwa na Windows 10 ilipofikia kikomo Oktoba 14, 2025, machoni pa Linux hizo ni vijana. Mwenye nayo apige chochote moyo wake unachopenda.

Dukani kwa shangazi sasa ipo Debian na Xfce, juu ya ext4. Alichotaka kujua ni mahali ilipo Word, nikamwonyesha LibreOffice, akaguna, akaendelea na CV ya mteja. Umeme unakatika kama kawaida. Simu bado ananipigia, ila siku hizi ni habari ya wino wa printa.