Panya au nguruwe? Mishipa midogo ya moyo na mgonjwa wa Kanda ya Ziwa

Mtu anaweza kubanwa kifua kila akipanda kilima cha Bugando, Mwanza, na bado picha ya mishipa ya moyo wake ikatoka safi. Picha ile huonyesha mishipa mikubwa. Ile isiyofika nusu milimita haionekani, na ndiyo inayogawa damu ndani ya msuli wa moyo. Wagonjwa wa namna hii, wengi wao wanawake, huishia kuambiwa wana mawazo. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukata kipande cha moyo wa kila mgonjwa, watafiti huanzia kwa wanyama, na hapo ndipo mabishano yalipo.

Wanaomtetea nguruwe wana hoja nzito. Moyo wake unakaribia wa mtu kwa ukubwa na kwa mapigo, na kateta za hospitali, yaani mirija myembamba ya kupitishwa ndani ya mishipa, zinaingia. Watafiti wa Rotterdam waliwapa nguruwe kisukari, wakawaharibu figo, wakawalisha mafuta mengi. Baada ya miezi kadhaa mishipa midogo ikaharibika huku mikubwa ikiwa wazi. Ila nguruwe ni ghali. Banda, chakula, chumba cha upasuaji: mwisho wake unabaki na wanyama wachache, na matokeo yanayoyumba.

Panya mdogo ni rahisi kufuga, na jeni zake hubadilishwa. Lakini moyo wake hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, na kumpima ni kazi. Lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, mara nyingi aisoflureni, na dawa hiyo yenyewe hupanua mishipa ya moyo. Ukiongeza dozi kidogo, damu inaongezeka kasi. Maabara mbili zenye dozi tofauti zinaweza kupata majibu tofauti kwa panya walewale. Nikisoma utafiti wa panya, huanza na dozi hiyo.

Hata hivyo, kwa Mwanza simpi nguruwe nafasi ya kwanza. Nguruwe mnene wa kisukari anafanana na sehemu tu ya wagonjwa wetu. Kanda ya Ziwa ina seli mundu nyingi, ugonjwa unaoziba mishipa midogo bila unene wala mafuta, na panya waliopandikizwa jeni za himoglobini ya binadamu ndio wanaoukaribia. Kuna pia presha ya watu wembamba. Kwa hao yupo panya mkubwa aliyezalishwa Kyoto, Japani, na kutangazwa mwaka 1963, ambaye presha humpanda yenyewe na kuta za mishipa yake midogo hunenepa. Nguruwe angoje zamu yake, dawa inapokaribia kujaribiwa kwa watu.

Ila wanyama hao wawe majike pia, na waliozeeka. Majaribio mengi bado hutumia madume vijana, ilhali wanaobanwa kifua zaidi kwa namna hii ni kina mama waliokoma hedhi. Hilo ningelirekebisha kwanza, kabla ya kubishania panya na nguruwe.